Kuogopa, Kutisha na Kucha: Maneno ya Hofu na Kicho katika Kiswahili

Siku moja, katika darasa la watoto wa mwaka wa nne, tuliandika ubaoni maneno haya: "Watoto wema huwacha wazazi wao." Tulikusudia kuwafundisha kitenzi cha kale, kucha, ambacho maana yake ni kuogopa kwa heshima. Mtoto mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, wakisha kuwaacha, wanakwenda wapi?" Darasa zima likacheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani hatukucheka tena, maana tuliona ya kuwa yule mtoto hakukosa. Alisikia neno alijualo, kuacha. Hilo jingine hajapata kulisikia nyumbani kwao wala njiani wala sokoni.

Tangu siku ile tumekuwa tukiyakusanya maneno ambayo watu wetu huyatumia kwa vitu vinavyowaogofya, au vinavyowashinda kwa ukubwa wake hata wakanyamaza. Twataka kuyapanga hapa mbele ya wasomaji, tupate kuona tuna mali gani, na ni ipi inayopotea mikononi mwetu.

I. Hofu na woga

Maneno haya mawili watu wengi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja, lakini mzee asemaye Kiswahili kwa uangalifu hayachanganyi. Hofu ni neno la asili ya Kiarabu, na zamani liliandikwa khofu. Hutaja jambo limfikialo mtu kwa sababu fulani: amesikia mngurumo, amepata habari ya ugonjwa, mashua yake imeanza kuingiza maji. Sababu ikiondoka, hofu nayo huondoka. Woga ni neno letu la Kibantu, ndugu wa kitenzi kuogopa, na mara nyingi hutaja tabia ya mtu mwenyewe. Mtu shujaa aweza kuwa na hofu, wala si aibu. Lakini akiitwa mwoga ametukanwa.

Hata hivyo wazee hawakumdharau mwoga kabisa. Walisema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Maana yake, aliyekimbia hurudi kwake akachekwa, lakini yu hai, aliyesimama huletwa amebebwa. Twaona hapa ya kuwa lugha inautaja woga kwa dharau, na mithali inauonea huruma. Mwenye kufundisha lugha hana budi kufundisha yote mawili.

Hofu ina kitenzi chake, kuhofu, na kutoka hicho tuna kuhofia, yaani kuwa na hofu kwa ajili ya mtu au jambo. "Namhofia mwanangu" si kusema kwamba namwogopa mwanangu; ni kusema kwamba naogopa asije akapatwa na neno. Tofauti hii ni ndogo masikioni, lakini ni kubwa sana moyoni, nasi tutairudia hapo mbele.

II. Hofu humpataje mtu?

Tukiyatazama maneno yanayotumika pamoja na hofu, twaona jambo la ajabu. Mtu mwenye hofu ni mara chache kuwa mtendaji. Huingiwa na hofu, hushikwa na hofu, hujawa na hofu, hupatwa na hofu. Tena hupigwa na butwaa, hupigwa na bumbuwazi. Hofu ndiyo yenye mikono na miguu. Mwanadamu ni kama nyumba iliyoachwa wazi, ambayo mgeni ameingia bila hodi.

Hata jua, mwezi unapolifunika mchana, twasema limepatwa, kama vile asemwavyo mtu aliyepatwa na msiba. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa hata ukabaki ukingo wake tu kama pete ya moto, watu wengi walikwenda Rujewa, wilaya ya Mbarali katika mkoa wa Mbeya, ili kulitazama. Walikwenda kwa furaha, tena na miwani ya kukinga macho, wakijua sababu ya jambo lile. Lakini neno walilolitumia lilikuwa lile lile la wazee, ambao waliliona jua limekamatwa. Elimu imebadili moyo. Neno limebaki pale pale.

Hofu ikiwa ya ghafula, tuna kushtuka, na tena kugutuka, ambako hasa ni kwa mtu aliyekuwa amelala au amezama katika mawazo. Mnyama au ndege aliyeshtushwa akaruka mbio, hukurupuka. Na mtu akitoka kitandani kwa namna hiyo, twasema naye amekurupuka. Mithali yasema, "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Haikusema "huogopa", kwa kuwa unyasi hauogopwi, ni mwili uliotangulia kuruka kabla ya akili kuuliza.

Baada ya mshtuko huja mambo ya mwili na ya akili. Mwenye hofu hutetemeka, na hofu ikizidi hugwaya. Mwili humsisimka, nywele humsimama, tumbo humpata joto, roho huwa juu. Akili nayo hufadhaika. Ulimi hubabaika, maneno yakatoka bila mpango. Na asiyejua aelekee wapi ameingiwa na kiwewe. Neno taharuki ni la Kiarabu, na huko maana yake ni kutikisika au kwenda. Kwetu limekuwa ni fadhaa ya moyo usiotulia, na twadhani wapokeaji wake walichagua vema, kwa maana moyo wenye hofu haukai mahali pamoja.

Walakini kuna hofu isiyotikisa mtu, bali humsimamisha. Huyo hatetemeki wala hakimbii. Huduwaa, hutunduwaa, hushangaa kinywa wazi. Maneno haya si ya hatari peke yake: mtu huduwaa mbele ya moto uteketezao nyumba, na huduwaa vile vile mara ya kwanza aonapo bahari. Hapo ndipo hofu na mastaajabu hukutana, na hapo ndipo maneno yetu huanza kugawanyika njia mbili.

III. Kitu chenyewe

Mpaka sasa tumesema habari za mtu aogopaye. Kitu kinachomwogofya nacho kina maneno yake. Twasema ni kitu cha kutisha, au cha kuogofya. Kuogofya ni kufanya mtu aogope, na neno hili hutumiwa zaidi katika vitabu na katika masimulizi: giza la kuogofya, sauti ya kuogofya. Kutisha ni neno la kila siku. Kutishia ni jambo lingine tena: mtu humtishia mwenziwe kwa kisu au kwa maneno, akitaka apate kitu kwake. Simba hutisha bila kukusudia, mnyang'anyi hutishia. Wanafunzi wengi huandika "simba alitutishia", nasi huwasahihisha, kwa kuwa simba hana la kutudai ila nyama yetu, wala hatangulizi maneno.

Lakini Kiswahili kina njia nyingine ya kutia utisho katika neno, nayo haihitaji sifa yo yote. Hugeuza umbo la jina lenyewe. Nyoka huwa joka, mtu huwa jitu, mbwa huwa jibwa. Msikilizaji akiambiwa "joka limepita", hana haja ya kuambiwa kwamba lilikuwa kubwa, wala kwamba msemaji aliogopa. Yote mawili yamo katika jina. Kinyume chake, mama akitaka kumtuliza mtoto humwambia, "Ni kijoka tu, mwanangu," na kwa herufi mbili ameliondolea joka nusu ya sumu yake.

Maumbo hayo nayo huzeeka. Nyumba iliyokuza umbo ikawa jumba, na mji ukawa jiji. Leo twasema jiji la Mwanza na jumba la makumbusho, wala hapana anayetishika. Mwanzo neno lilikuwa la kumfanya mtu ainue macho; baadaye likawa jina tu.

Na kitu kisichokuwa na jina je? Kikiwa kikubwa na kigeni, watu husema dude, au dubwana. Maneno haya hayasemi kitu ni nini, husema tu kwamba msemaji ameshindwa. Mara nyingine watu hukitaja kitu kwa lile walihisilo mwilini. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake hakumpa jina la kitu kile cheupe. Alisema ni baridi tu. Wako watu walioyacheka maneno hayo. Sisi hatuoni cha kucheka. Mtu yule hakuwa na neno la theluji, ambalo ni la Kiarabu na baadaye lilienea katika lugha yetu. Akatoa neno la kweli alilokuwa nalo, yaani jinsi kitu kile kinavyomwuma mtu akikaribiapo.

IV. Kucha na jamaa zake

Sasa twafika kwenye neno lililotufanya tuiandike makala hii. Kucha ni kitenzi kifupi cha silabi moja, kama kula na kunywa. Twasema namcha, alimcha, hamchi, tumche. Kutoka hapo tuna kicho, yaani ile hofu yenye heshima. Tuna mcha na wacha. Tuna ucha Mungu. Tena tuna kuchelea, ambako ni kuogopa lisije likatokea jambo. Mithali ijulikanayo na wote yasema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Asemwaye si mtu anayemwogopa mwanawe, bali ni mzazi anayemhofia mtoto machozi kidogo leo, akajipatia machozi mengi kesho.

Neno hili ni la kale sana, wala si letu peke yetu. Waganda husema okutya, maana yake kuogopa. Na kutoka hapo wana okutiisa, yaani kutisha. Tena wana ekitiibwa, ambalo ni heshima au utukufu; na ukilipasua neno hilo utaona kwamba asili yake ni kitu kinachoogopwa. Wakikuyu husema gũtĩa, na kwao maana yake ni kuheshimu. Wanyarwanda husema gutinya, na kwao ni kuogopa. Mzizi ni mmoja. Watu wengine wameubeba upande wa hofu, wengine upande wa heshima, na wengine, kama sisi, pande zote mbili. Msomaji akiweka okutiisa kando ya kutisha kwetu, ataona ya kuwa kutisha na kucha walizaliwa nyumba moja. Lakini hawa ndugu wameachana: kutisha kumebaki na hofu tupu, na kucha kumechukua heshima.

Tofauti ya kucha na kuogopa tuliielezwa vizuri kuliko katika kamusi na mzee mmoja wa pwani, nahodha aliyekwisha kuacha kazi. Tulimwuliza, "Shikamoo mzee, katika miaka yote hiyo hukuiogopa bahari?" Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Bahari siiogopi, naicha. Aiogopaye haendi. Asiyeicha huenda, asirudi." Hatukuwa na la kuongeza. Mwenye kuogopa hukimbia kile aogopacho. Mwenye kucha hukikaribia, lakini hukaribia kwa adabu, akitazama upepo, akikagua matanga, akijua kipimo chake mwenyewe.

Kwa nini basi neno jema kama hili linapotea? Twaona sababu mbili. Ya kwanza ni masikio. Kucha ni pia kupambazuka, na kucha ni pia za vidole. Na likitiwa kiambishi cha watu wengi, huwa "huwacha", nalo husikika kama kuacha. Hata "wacha Mungu", lisiposomwa kwa utaratibu, mtoto hudhani ameamriwa amwache Mungu. Neno fupi lenye majirani wengi kiasi hiki hupata shida ya kuishi. Sababu ya pili ni kwamba neno limefungiwa mahali pamoja. Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952 ililishika sana, na wahubiri wa Kiislamu nao hulitumia katika kueleza takua. Hivyo katika mimbari zote mbili neno ni zima. Lakini nje ya mimbari, nani leo asemaye kwamba amcha baba yake, au aicha bahari, au aicha sheria? Neno lililobaki na kazi moja tu ni kama jembe lililowekwa ukutani kwa heshima: halivunjiki, lakini halilimi.

V. Maneno ya kukopa, na maneno ya vijana

Pengo la kucha limezibwa na maneno yaliyotoka kwa Waarabu. Kubwa lao ni heshima, ambalo kwao lilikuwa karibu na haya na staha. Yako pia adhama na taadhima, yasikikayo zaidi katika hotuba. Haiba kwa Waarabu ni kicho hasa, yaani ile hali ya mtu ambaye ukimwona wanyamaza kabla hajasema. Kwetu limelainika, likawa uzuri wa sura na mvuto wa tabia. Muujiza ni jambo linalowaacha wengine bila uwezo. Nalo limetoka mzizi mmoja na ajizi, ile iitwayo na wazee nyumba ya njaa. Twayapenda maneno haya, wala hatusemi yaondoke. Twasema tu kwamba heshima haina hofu ndani yake, na haiba haina tena. Kwa hiyo hapana hata moja linalotosha mahali pa kicho.

Vijana nao wana njia yao. Mchezaji wa mpira afungaye mabao mengi husifiwa kuwa ni hatari. Wimbo mzuri ni balaa. Fundi asiyeshindwa ni kiboko. Na kiboko mwanzo ni mnyama wa mtoni, kisha ni mjeledi wa ngozi yake, na sasa ni sifa. Wazee wengine hukasirika wakisikia hayo. Sisi hatukasiriki, kwa maana twaona kazi ile ile ya zamani: mtu akizidiwa na uzuri wa kitu, hutafuta neno katika ghala ya hofu, kwa kuwa huko ndiko kwenye maneno mazito. Hasara yake ni moja tu. Neno likitolewa ghalani kila siku kwa jambo dogo huchakaa, na siku ya balaa lenyewe mtu hukosa la kupigia yowe.

VI. Neno kwa walimu wenzetu

Pengine msomaji atauliza, yana faida gani haya yote? Na tukiri jambo letu wenyewe. Katika miaka yetu ya kwanza ya ualimu, watoto waliposikia viatu vyetu mlangoni walinyamaza kama maji mtungini. Tulifurahi, tukaambiana na wenzetu kwamba darasa letu lina heshima. Siku moja mtoto mmoja alimwaga wino juu ya kitabu cha shule. Hakusema neno. Alikificha kitabu kichakani, na kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tano mamaye alimleta kwa mkono. Tukamwuliza, "Mbona hukutuambia?" Akajibu akitazama chini, "Nilikuogopa, mwalimu."

Hakusema uongo. Mtoto yule alilijua neno lake, na mwalimu ndiye aliyelikosea. Tulikuwa tumeuona woga, tukauita heshima, kwa kuwa kwa macho ya haraka vyote viwili hunyamaza namna moja. Tofauti huonekana siku ya kosa: mwoga hukimbia na kosa lake, na mwenye kicho huja nalo mkononi. Kama neno kucha lingalikuwa hai vinywani mwetu, labda tungalijiuliza mapema, "Je, watoto hawa watucha, au watuogopa?" Lakini tulikuwa na swali moja tu, wananyamaza au hawanyamazi, na mwenye swali moja hupata jibu moja.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu wasiliache neno hili ndani ya vitabu vya dini peke yake. Walitumie kwa bahari na moto, kwa mto uliojaa, kwa wembe na nguvu za umeme, kwa wazazi na wazee. Wawafundishe watoto kwamba umeme hauogopwi hata mtu akalala gizani, bali huchewa, waya usiguswe kwa mkono wenye maji. Na katika kuandika, wachague maumbo yasiyochanganya: waandike "mwenye kicho kwa wazazi" mahali ambapo "huwacha" lingepoteza msomaji. Hata yule mtoto wetu wa mwaka wa nne, tulipolirudia somo kwa njia hiyo, alielewa mara moja.

Wasomaji wa pande nyingine bila shaka wanayo maneno ambayo sisi hatukuyataja, na pengine kwao kucha kungali kukisemwa sokoni. Tutafurahi wakituandikia, kila mmoja akitaja neno, mahali linaposemwa, na jambo lililomfanya msemaji alitamke.